Trekta la Fedha? Tueni Kwanza Mizigo

Rafiki yangu mmoja, mkusanyaji wa sarafu, alinitumia picha kwa simu. Sarafu ya fedha kutoka Ulaya, inang'aa kama kioo, upande mmoja trekta kongwe na jina la aliyelitengeneza. Chini yake kaandika: "Wenzetu wanaenzi kilimo. Sisi lini?" Nilikuwa kwenye treni ya Reli ya Kati, tumesimama Tura, watu wanauza asali madirishani. Nikaandika jibu, nikalifuta. Jibu lenyewe ni hili.

Tuanze hapohapo Tura. Burton alipopita mwaka 1857 aliandika kwamba jina hilo maana yake ni "tua", yaani weka mzigo chini. Misafara ilikuwa imetoka kuvuka Mgunda Mkali, kila mpagazi na frasila zake kama mbili begani. Tukisimulia habari hizo huwa tunataja shanga, nguo na pembe za ndovu. Majembe tunayasahau. Majembe ya chuma, yaliyofuliwa na Warongo kule Uzinza, yaliletwa Unyamwezi yakauzwa, yakatolewa mahari, mengine yakafika hadi Ugogo kulipia hongo ya njia. Jembe lilikuwa pesa. Si picha ya jembe, jembe lenyewe! Ukiona halinunui kitu unalitia mpini, unakwenda nalo shamba. Sasa mtu wa Ulaya anachora trekta juu ya fedha baada ya trekta lenyewe kuwa pambo la makumbusho, halafu sisi ndio tuambiwe tukajifunze kwake kuenzi kilimo. Jamani.

Atasema hayo ni ya kale, tuzungumzie trekta. Haya, tuzungumzie trekta. Mkoa wa Tabora unalo trekta la kihistoria, tena la ajabu. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango wao wa karanga: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta hayakutosha, basi vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki, zikaitwa Shervick. Kufika 1951 mpango ulikuwa umekufa na pauni kama milioni 36 zimezama. Urambo wakalima tumbaku. Kama kuna mashine ya kutiwa kwenye sarafu huku kwetu ni hiyo: upande mmoja kifaru, upande wa pili karanga moja. Hapo nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Na fedha je? Lugha yetu ina neno moja kwa madini hayo na kwa pesa yenyewe, lakini fedha ya wakusanyaji hainunui chumvi. Mwaka 1974, watu wakihamishiwa vijijini kwa amri, jina la Tanzania lilichapwa kwenye sarafu za fedha za uhifadhi: shilingi 25 akapewa twiga, shilingi 50 akapewa faru. Zilipigwa ziwekwe kabatini, na kabati lenyewe si la mwanakijiji. Trekta lilipata zamu yake 1978, kwenye shilingi tano ya mkutano wa FAO: mtu juu ya trekta, na upande wa pili Mwalimu. Haikuwa ya fedha. Ilikuwa sarafu ya kawaida, ya kutumia, na mimi ile naiheshimu kuliko hii ya kwenye picha.

Kitu kimoja tu nakubaliana na rafiki yangu, na ndicho kinachonikera hasa. Sarafu yake ina jina la fundi. Sisi jembe tumeliweka kwenye ngao ya taifa, limekaa na shoka. Chama kimeliweka kwenye bendera na nyundo. Tumelitungia mashairi hadi limechoka. Aliyelifua hana jina. Sijawahi kusoma riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mfua majembe, na nimesoma nyingi, nyingine mbaya sana. Mkulima yumo, bwana shamba yumo, mwenyekiti wa kijiji ndiyo usiseme. Wa kwenye moto hayumo.

Tusisingizie kale pia. UFI pale Ubungo na ZZK kule Mbeya zilitengeneza majembe ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Waliofanya kazi humo wengine wangali hai, wamezeeka, wana mikono yenye makovu na kumbukumbu ambazo hakuna aliyeketi kuziandika. Sisi tunaojiita waandishi tunabishana mtandaoni nani kastahili tuzo.

Kwa hiyo, bwana mkusanyaji, usiende Benki Kuu kwanza. Nenda Uzinza. Ukirudi na jina moja tu la mfua chuma wa Kirongo, na jina la kijiji chake, nitumie. Fedha ya hiyo sarafu nitachangia.