Neno Lisizame Katika Ngoma

Wahenga walinena kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mwenye majivuno. Katika makala haya nataka kuirejesha kwenye ngoma yenyewe, maadamu ngoma za siku hizi zinalia sana, na kinachopasuka ni neno la Kiswahili.

Nina sababu ya kulisema hili. Tulipokuwa mwaka wa pili, mimi na wenzangu watatu tuliitia muziki tarbia aliyoitunga mmoja wetu, tukachanga pesa na kwenda kuirekodi katika studio ndogo mjini. Kiitikio chake kilikuwa ahadi ya mwana kwa mzazi: sitakuacha. Fundi alituuliza iwapo tungependa midundo iongezwe, nasi kwa pupa ya ujana tukaitikia kwa kauli moja. Wimbo ulipokuwa tayari nilimtumia mama. Akausikiliza kwa simu yake, kisha akanipigia na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona waniimbia kuwa utaniacha?" Nilicheka. Baadaye niliusikiliza kwa makini, nikatambua kuwa mama hakukosea. Kiambishi cha ukanushaji kilikuwa kimemezwa na kayamba.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Katika studio za leo, aghalabu kila ala na kila mwimbaji hurekodiwa katika njia yake ya pekee. Uchanganyaji ni kazi ya kuzikutanisha njia hizo: ipi isikike zaidi na ipi kidogo, ipi ikae kushoto, kulia au katikati, ipi ipunguzwe uzito au ukali, na ipi itiwe mwangwi. Ukamilishaji ni hatua inayofuata. Hapo fundi huutazama wimbo kama kitu kimoja, akausawazisha, akaulinganisha na nyimbo nyingine za albamu, kisha akaamua usikike kwa ukubwa gani.

Kazi hizi hazikuwapo daima. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, hapakuwa na njia nyingi za kuchanganywa. Katika zama hizo uwiano ulipatikana humo humo chumbani, kwa kuamua nani asimame karibu na kipaza sauti na nani arudi nyuma. Kinasa sauti chenye njia 8 kilitengenezwa na kampuni ya Ampex na kumfikia mpiga gitaa Les Paul wa Marekani mwaka 1957. Tangu hapo uwiano ulianza kutoka mikononi mwa waimbaji na wapigaji ukaingia mikononi mwa fundi. Kwa hivyo, fundi naye ni mfasiri wa shairi. Akikosea, shairi hukosewa.

Je, jambo hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Linamhusu sana. Sikio la binadamu husikia sauti za takriban hezi 20 hadi hezi 20,000, na ndani ya uwanja huo kila fonimu ina makazi yake. Nguvu ya konsonanti /s/ hukaa juu, zaidi ya hezi 4,000. Huko huko ndiko hukaa kayamba na matoazi. Tofauti baina ya irabu /o/ na /u/ nayo iko chini, aghalabu pasipofika hezi 1,000. Huko ndiko hutawala gitaa na kinanda, na besi ikivimba hupanda hadi huko. Isitoshe, wataalamu wa usikivu wamethibitisha kuwa sauti nzito ikizidi hufunika sauti nyembamba kuliko nyembamba inavyoifunika nzito. Besi isiyotiwa adabu haijifichi chini, bali huzifunika hata sauti zilizo juu yake.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Silabi moja mwanzoni mwa kitenzi hubeba nafsi, wakati au ukanushi. Nitakuacha na sitakuacha hutofautiana kwa konsonanti moja tu, ilhali maana zake zimepeana migongo. Vivyo hivyo, mwenye nia ya kuoa si mwenye nia ya kuua. Huko Mombasa na Lamu, mpumuo mdogo tu ndio unaotenga paa la nyumba na paa wa mwituni. Fundi anayeyafunika haya hajapunguza sauti tu, amebadilisha sarufi.

Kuna jambo jingine ambalo washairi hawana budi kulizingatia. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi ya mwisho basi hutamkwa kwa nguvu ndogo, na iwapo mwimbaji haivuti, hufifia. Lakini silabi hiyo hiyo ndiyo makao ya kina! Mtunzi hukesha akitafuta vina vya kati na vya mwisho, halafu kila kina kinaangukia pale ambapo ngoma inapiga kwa kishindo. Msikilizaji hupata mizani bila vina, akadhani mtunzi ni guni.

Tiba ipo, na si ya gharama. Badala ya kuiongezea sauti ya mwimbaji nguvu kila mara, fundi aziondoe ala njiani. Gitaa likipunguzwa desibeli mbili au tatu kati ya hezi 1,000 na 4,000, mahali ambapo ufasaha wa usemi hukaa, neno hupata nafasi bila gitaa kuonekana limepungua. Magitaa yasogezwe kushoto na kulia, mwimbaji abaki katikati. Kibanio cha sauti, yaani kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kitumiwe kwa kiasi ili silabi dhaifu ziinuke. Vina vinavyofifia viinuliwe kimoja kimoja kwa mkono. Mwangwi usiwe mrefu, kwani mkia wa silabi moja hukanyaga kichwa cha inayofuata. Hatimaye wimbo usikilizwe kwa sauti ya chini, kwa simu ya kawaida na ndani ya matatu, wala si kwa spika kubwa za studio pekee.

Waswahili hawakusubiri mashine ili wayajue haya. Katika taarab, mwimbaji anapoanza ubeti ala huinama, na anapomaliza ala huinuka na kumjibu. Huo ni uchanganyaji wa kiungwana, ambapo kila mmoja hungoja zamu yake ya kunena.

Na ukamilishaji je? Hapa ndipo methali yetu inapotimia. Sauti ya kidijitali ina dari ambayo haiwezi kupita. Wimbi linalolazimishwa kuipita hukatwa kichwa, na sauti ikakwaruza. Kwa miaka mingi mafundi duniani walishindana kuukaribia ukomo huo, kila mmoja akitaka wimbo wake uvume kuliko wa jirani. Mwaka 2008 hata mashabiki wa kundi la Metallica walilalamika kwamba albamu yao Death Magnetic ilikuwa imebanwa mno. Jumuiya za utangazaji zilitafuta dawa. Kipimo cha kimataifa cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia kilitolewa mwaka 2006, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaweka kiwango chao. Leo huduma za muziki mtandaoni kama Spotify hushusha zenyewe wimbo unaovuma kupita kiasi. Aliyeubana wimbo wake ili ushinde wengine hubaki na ubanaji bila ushindi.

Wapo watakaonipinga. Watasema kuwa kijana aliye katika matatu au kwenye dansi hatafuti vina, anatafuta mdundo. Nakubali kwamba mdundo una haki yake, na kuna muziki ambao ngoma ndiyo ujumbe. Hata hivyo, kucheza na kuelewa si mahasimu. Les Wanyika walipotoa Sina Makosa mwishoni mwa miaka ya 1970, watu walicheza, na hadi leo watu wanaimba maneno yake kwa sababu waliyasikia. Magitaa yanasokotana, besi inatembea, na bado hakuna neno linalopotea.

Rai yangu ni kwamba wanakiswahili tusiishie kuhakiki maneno ya nyimbo yakiwa karatasini. Twende studio. Mtunzi amkabidhi fundi maneno yake yakiwa yameandikwa, amwonyeshe viambishi na vina vinavyobeba maana, na akae naye wakati wa kuchanganya. Aidha, tushirikiane na wenzetu wanaosoma muziki kuunda istilahi za fani hii. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi hii, lakini fundi anayerekodi Kiswahili kutwa kucha bado hana maneno ya Kiswahili ya kuielezea kazi yake. Kubana, kusawazisha, mwangwi na njia ni mwanzo tu.

Ule wimbo wetu tuliurudisha studio. Tuliomba kayamba ipunguzwe na besi ishushwe, na fundi, ambaye hakuwa na kinyongo, alitumia muda usiozidi saa moja. Nilimtumia mama tena. Safari hii hakupiga simu kuuliza swali. Aliniandikia neno moja tu: "Nimesikia."

Shime, wanakiswahili wenzangu, tuhakikishe kuwa kila anayetusikiliza anaweza kusema hivyo.