Msiisingizie Radi

Mnasema radi iliua watu Melbourne, Australia. Si kweli. Novemba 21, 2016, hewa ilijaa chavua ya nyasi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba unyevu wa dhoruba ulizipasua chembe zake zikawa vipande vidogo vinavyopenya hadi ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali, 10 walikufa. Wengi waliougua hawakuwahi kuambiwa wana pumu, walikuwa na mafua ya chavua “tu”. Hiyo “tu” ndiyo ninayoipinga. Mji huohuo ulipata mkasa kama huu mwaka 1987. Mfumo wa kutoa tahadhari ukaja 2017, baada ya mazishi. Miaka 30! Anayeuita utafiti wa chavua anasa aanze na hesabu hiyo.