Nambari Bila Kipimo Si Jibu

Nilipokuwa katika shule ya upili, mwalimu wetu wa fizikia alituuliza uzito wa pakiti ya sukari ya kilo 2. Nilizidisha 2 kwa 10, nikaandika 20, nikatulia nikingoja sifa. Karatasi iliporudi, jibu langu lilikuwa limepigwa mstari kwa wino mwekundu, na kando yake neno moja: “Nini?” Nilinung'unika kutwa nzima, nikimwona mwalimu yule kuwa mtu wa inda. Leo nakiri kwamba haki ilikuwa yake.

Nayasema haya kwa sababu hadi sasa nawasikia wanafunzi, na hata baadhi ya walimu, wakidai kuwa kumnyima mtahiniwa alama kwa kusahau kipimo ni kumwonea. Kwa maoni yangu, dai hilo halina msingi. Nambari peke yake ni bubu. Ishirini yaweza kuwa mita, sekunde au nyutoni. Kinachoipa maana ni kipimo kinachoandamana nayo.

Mnamo Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada iliishiwa na mafuta ikiwa angani na watu 69. Vyombo vyake vya kuonyesha kiasi cha mafuta vilikuwa vibovu, kwa hivyo hesabu ilifanywa kwa mkono. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, lakini waliopiga hesabu walitumia ratili, na ratili haifiki hata nusu kilo. Nambari ilikuwa ile ile, ilhali mafuta hayakufika nusu ya yaliyohitajika. Lau si ustadi wa rubani aliyeiteremsha ndege hiyo bila injini katika uwanja wa zamani wa kijeshi mjini Gimli, Canada, pangetokea maafa.

Miaka 16 baadaye, Septemba 1999, Marekani ilikipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter, kilipoifikia sayari ya Mirihi. Programu moja ya kompyuta ilitoa hesabu za msukumo kwa ratili, nyingine ikazichukua kana kwamba ni nyutoni. Waliokosea hapo hawakuwa watoto wa shule bali wahandisi.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali. La hasha! Nendeni sokoni mkamtazame mama anayenunua mahindi kwa gorogoro. Mkebe ukiwa umebonyezwa kitako, yeye hulipa bei kamili akabeba pungufu. Hata usipobonyezwa, gorogoro hupima ujazo wala si kilo, na mahindi mabichi na makavu hayalingani. Asiyejua tofauti hiyo hupunjwa akiwa anatazama.

Kosa letu sisi tulio shuleni ni kuvifundisha vipimo kama orodha ya kukariri: mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli, kandela. Mwanafunzi huitapika siku ya mtihani, kisha huisahau. Twamwambia kwamba uzito hupimwa kwa nyutoni, naye nyumbani husikia kila siku “uzito wa kilo 2”, asijue ashike lipi. Ni wajibu wa mwalimu kumweleza kwamba kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, na nyutoni ni kipimo cha nguvu inayokivuta chini. Pakiti ile ya sukari ikipelekwa mwezini, itabaki kilo 2, lakini uzito wake utashuka kutoka takriban nyutoni 20 hadi 3 hivi.

Walimu wenzangu, leteni gorogoro na mizani darasani, wanafunzi wakisie kwanza, kisha wapime. Nanyi wanafunzi, kila mwandikapo nambari, jiulizeni swali la mwalimu wangu kabla hajawauliza mtahini: “Nini?”