Machungwa yasishindwe na maji ya rangi



Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu vinywaji vinavyouzwa kwenye malango ya shule za msingi, hasa huku pembezoni mwa Temeke na Kinondoni.

Kila msimu, malori hushusha machungwa ya Muheza katika masoko ya jiji, na mikokoteni huyafikisha Mbagala, Chamazi hadi Bunju. Lakini langoni mwa shule mtoto hununua barafu na maji yaliyokorogwa kwa unga, sukari na rangi, yakaitwa juisi ya chungwa. Hata pale unga huo unapotiwa vitamini, sukari ni ile ile.

Gramu 100 za chungwa zina vitamini C kiasi cha miligramu 50. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 35 kwa siku kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9. Kwa hiyo chungwa moja, au kikombe kidogo cha juisi iliyokamuliwa bila kuongezwa maji, humtosha.

Kubwa zaidi ni suala la damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo ni miongoni mwa sababu, lakini chakula nacho kimo. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha hayafyonzwi kwa urahisi mwilini. Vitamini C ikiliwa katika mlo ule ule husaidia. Chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia. Hivyo makande ya shuleni yakifuatiwa na chungwa yana faida kuliko makande yale yale na kikombe cha chai.

Wapo watakaosema juisi halisi pia inauzwa. Ni kweli, lakini maji na barafu yake yametoka wapi? Tusisahau kipindupindu cha Agosti 2015 kilichoanzia Kinondoni kikaenea mikoani. Chungwa lililomenywa kwa mikono na kisu safi halihitaji maji wala barafu, na nyuzinyuzi zake hubaki.

Sisemi akina mama wauzaji wafukuzwe. Nao wanatafuta riziki. Kamati za shule na viongozi wa mitaa wakubaliane nao wauze machungwa, machenza na mapera badala ya maji ya rangi. Msimu ukiisha, ndimu ikamuliwe juu ya maharage yaliyokwisha kupakuliwa, kwa kuwa moto huharibu vitamini hiyo.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha wananchi kwa redio na vikundi vya kusoma. Somo la chungwa ni dogo kuliko hilo. Wazazi, tuanze na senti tunazowapa watoto asubuhi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chamazi, Temeke,
Dar es Salaam.