Ombasha wa Mtowisa alikuwa wa kombania gani?

Msafiri atokaye Sumbawanga mjini kwenda Mtowisa huiacha baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, akauteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, akaingia katika joto la Bonde la Rukwa. Huko bondeni nilikaribishwa hivi karibuni na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na katika mazungumzo yetu nilikutana na jina ambalo halijaniacha tangu siku hiyo. Babu yake, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, hutajwa katika ukoo wao kwa jina la Ombasha. Alikuwa askari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akatekwa, akarudi kwao. Alikuwa askari wa nani? Alitekwa wapi? Aliitwa nani kabla hajaitwa Ombasha? Mzee alitikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "sisi tumeachiwa cheo tu. Mwenye cheo hatumjui."

Maneno hayo yanastahili kuwafikia walimu wa historia na watumishi wote wa umma ambao kazi yao ni kalamu na daftari. Maana msiba wa ukoo ule si wa ukoo ule peke yake. Ni msiba wa nchi nzima.

Cheo chenyewe hakitusaidii sana. Ombasha ni neno la asili ya Kituruki, lenye maana ya koplo. Lililetwa kwetu na askari wa Kisudani walioajiriwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1889, walipokuwa wakiivunja nguvu ya Waafrika wa pwani. Lakini Wasudani wengine waliochukuliwa na Waingereza huko Uganda nao walikuwa na maombasha wao. Kwa hiyo mtu aliyeitwa Ombasha aweza kuwa alimtumikia Mjerumani, aweza kuwa alimtumikia Mwingereza, na kama tutakavyoona, aweza kuwa aliwatumikia wote wawili.

Hebu tuangalie yale ambayo historia imeyaandika kwa uhakika. Vita ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika nchi yetu lilikuwa na kombania 14, zenye askari Waafrika wapatao 2,500 chini ya maofisa wa Kizungu. Lilikuwa jeshi lile lile lililozima Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kwa risasi na kwa kuchoma maghala ya chakula. Katika vita hii mpya lilikua likazidi askari 10,000. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kuwafunga Waingereza katika Afrika Mashariki ili majeshi yao yasipelekwe Ulaya. Kwa lugha nyingine, nchi yetu iligeuzwa uwanja wa mapigano, na watu wetu kuni za moto, kwa ajili ya ugomvi wa mabeberu uliokuwa ukiamuliwa Ufaransa na Ubelgiji.

Ufipa haikusalimika. Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa boma la Wajerumani, nao wakaipa jina la Bismarckburg. Mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ulikuwa mstari wa vita tangu mwanzo, hata Waingereza walipoitwaa Kasanga mwezi wa Juni 1916. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Alirudi katika ardhi yetu mwezi wa Septemba 1918, akapita kusini, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Huko, karibu na Mto Chambeshi, alipata habari kwamba vita ya Ulaya ilikwisha tangu tarehe 11 Novemba. Tarehe 25 Novemba 1918, katika mji wa Abercorn ambao leo ni Mbala, jeshi hilo liliweka silaha chini.

Waliosalimu amri walikuwa Wazungu 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto waliofuatana na kombania katika miaka yote ile. Kutoka Abercorn walitembezwa hadi Kasanga, wakapakiwa katika meli za ziwani mpaka Kigoma, kisha wakachukuliwa kwa gari moshi hadi Tabora. Hapo askari wakawekwa kambini chini ya ulinzi wa Waingereza, na maofisa wao wakaendelea na safari kwenda Dar es Salaam na hatimaye kwao Ujerumani. Kwa hiyo mateka hao walikanyaga ardhi ya mkoa ambao leo tunauita Rukwa. Mkoa huu uliona mwisho wa jeshi lile kwa macho yake.

Sasa msomaji aangalie jinsi kalamu ilivyogawa heshima. Siku ile ya Abercorn zilihesabiwa bunduki, nyingi zikiwa za Waingereza na Wareno zilizonyakuliwa vitani. Zikahesabiwa na bunduki za rashasha, ambazo askari waliziita bombomu. Maofisa waliandikwa kwa majina. Mwezi wa Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipita katika Lango la Brandenburg mjini Berlin akiwa juu ya farasi, akishangiliwa na umati kama shujaa asiyeshindwa. Je, askari wake walishangiliwa wapi? Walikuwa wakitoka kambini Tabora mmoja mmoja, kila mtu na njia yake, wengi wakiwa hawajalipwa mshahara wa muda mrefu, na mikononi wamekamata kipande cha karatasi kilichosema kwamba wanadai. Katika vitabu wao walibaki tarakimu: askari elfu moja na mia kadhaa.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Si kila askari aliyetekwa alikaa kambini akisubiri amani. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha jeshi la King's African Rifles, yaani K.A.R., na miongoni mwa askari wake wakawamo wale waliotekwa kutoka jeshi la Wajerumani. Jana mtu alikuwa akimpigia Mjerumani, leo amevua sare ile na kuvaa hii, na bunduki yake imegeuzwa upande wa pili. Kikosi hicho cha sita ndicho kilichobaki kuwa jeshi la Tanganyika wakati wote wa Waingereza. Mwaka 1961 kikawa Tanganyika Rifles. Mwezi wa Januari 1964 kikaasi, kikavunjwa. Na mwezi wa Septemba mwaka ule ule likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hapana budi tuutambue mfuatano huu. Mwalimu Nyerere na Chama walipoamua kwamba jeshi jipya liwe la wananchi, walikuwa wanakata mnyororo ulioanzia kwa askari wa kukodiwa wa mwaka 1889, ukapitia kwa mateka wa mwaka 1917. Mwanafunzi asiyeijua pingu ile hawezi kuuona uzito wa uamuzi uliomfungua.

Mwaka 1964 ulileta jambo jingine. Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee mia kadhaa walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu ndio waliokuwa na vyeti vyao. Basi aliyeleta fedha akampa kila mmoja fagio, akaamuru kwa Kijerumani kama zilivyoamriwa kombania zamani, na hakuna hata mzee mmoja aliyekosea. Simulizi hili hupendwa sana na Wazungu, nao hulitoa kama ushahidi wa utii. Mimi nalisoma vingine. Nawaona wazee waliomaliza ujana wao vitani, ambao baada ya miaka karibu hamsini wanalazimika kucheza gwaride na fagio ili waaminiwe kwamba walikuwako. Mtu ambaye jina lake liko daftarini hatakiwi kuruka ili athibitishe kuwa ni yeye.

Na mpagazi je? Askari alikuwa na gwaride la kuonyesha. Mpagazi alikuwa na kovu la mzigo begani, na kovu halina lugha ya Kijerumani. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita ya Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi kwa maradhi na kwa njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Kumbukumbu yao kubwa mjini Dar es Salaam ni jina la soko, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Watu wangapi hununua mchele na ufuta wa Bonde la Rukwa pale Kariakoo bila kujua kwamba wanakanyaga kambi ya watu waliobeba mizigo mpaka wakaanguka?

Yuko atakayesema kwamba askari hao walikuwa vibaraka wa wakoloni, na kwamba haifai nchi iliyojikomboa kupoteza wino kwa ajili yao. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, wala haifai kuikwepa. Wako miongoni mwao waliowaua ndugu zetu wa Ungoni na Umatumbi, walionyang'anya mtama na mifugo, waliokusanya wapagazi kwa kiboko na kamba. Hatuombi wajengewe sanamu. Lakini kuandika si kusifu. Daktari huandika maradhi si kwa kuyapenda, bali ili ayajue. Tukikataa kuandika nani alichukuliwa, kwa nini alikubali au alilazimishwa, na alirudi akiwa mtu gani, tutabaki na hadithi mbili tu: ile ya Mjerumani isemayo kwamba askari alimpenda bwana wake, na ile ya ukoo isemayo Ombasha, basi.

Tunaweza kujifunza kwa wengine waliopata mtihani kama huu. Katika Vita ya Korea, iliyoanza mwaka 1950 na kusimamishwa mwaka 1953, askari wa China wapatao 21,000 walitekwa. Kila mateka aliulizwa jina, cheo, kikosi na vita alivyopigana, na majibu yakaandikwa na adui. Waliochagua kurudi China walikuwa kiasi cha 7,000, nao kwa miaka mingi walitiliwa mashaka nyumbani kwao kwa sababu tu walitekwa. Mwaka 1980 Chama na Serikali ya nchi hiyo vililitazama upya jambo hilo na kuamua kuwarudishia heshima yao. Haikuwa rahisi, na kwa wengine ilichelewa. Lakini iliwezekana kwa kuwa watu hao walikuwa na majina, na majina yalikuwa na vikosi. Huwezi kumrudishia heshima mtu uliyempoteza jina.

Kwa nini tuyaseme haya leo? Kwa sababu leo hesabu ya zamani imefunguliwa. Tarehe 1 Novemba 2023, mjini Songea, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha kwa maovu waliyotenda Wajerumani wakati wa Maji Maji. Panazungumzwa habari za mabaki ya mashujaa wetu na mali za kale zilizoko Ulaya. Ni haki yazungumzwe. Lakini vita ya 1914 hadi 1918, iliyochukua jasho na uhai wa wapagazi kutoka kila pembe ya nchi, husahauliwa kirahisi katika mazungumzo ya namna hii. Na sisi wenyewe twende tukadai nini, kwa niaba ya nani, ikiwa hatuna hata orodha ya kata moja? Deni lisilo na daftari halidaiki.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi, wala haimngojei mgeni. Mwalimu wa historia wa Mtowisa, wa Laela au wa Kasanga anaweza kuwapa wanafunzi wake daftari moja na maswali machache ya kwenda nayo nyumbani. Ni nani katika ukoo alikwenda vita ya Mjerumani? Jina lake la nyumbani ni lipi? Alichukuliwa wapi, na nani? Alibeba bunduki au mzigo? Alirudi? Mtendaji wa kata ayahifadhi madaftari hayo ofisini, na Afisa Utamaduni wa wilaya apeleke nakala kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako yamehifadhiwa majalada ya Wajerumani wenyewe, ili kauli ya ukoo ikutanishwe na karatasi ya mkoloni. Aidha, vitabu vya ubatizo vya misheni kongwe za Ufipa, kama Kate, vinaweza kusaidia kufunua jina lililokuwa limejificha nyuma ya cheo.

Ni kweli kwamba waliopigana hawako tena, na watoto wao wengi wamekwisha kufa. Waliobaki ni wajukuu, nao sasa ni wazee. Yule mwalimu mstaafu alipokuwa akinisindikiza aliniambia kwamba alifundisha historia kwa miaka mingi, akawafundisha watoto wa watu wengine habari za Bismarck na Napoleon, wala haikumjia siku moja kumwuliza baba yake mzazi jina la babu. Alilisema bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari na kukuta kosa ni lake mwenyewe.

Walimu walio kazini leo wasingoje kulisema neno hilo siku ya kustaafu. Waanze muhula huu, wazee wakiwa bado wanakaa barazani na kujibu wakiulizwa.