Insha ya Haki Ianzie Nyumbani

Inapokaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, baadhi ya shule huwashindanisha wanafunzi kwa insha na michoro kuhusu haki. Siku hiyo iliasisiwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, ambao mwaka 1976 waliandamana kupinga kusomeshwa kwa lugha ya Kiafrikana, wakapigwa risasi. Ni siku ya watoto waliosema wenyewe lililowadhulumu.

Basi yatupasa wazazi tuchunge tusiwanyang'anye watoto wetu kauli yao. Wapo wanaoshika kalamu wakamwandikia mtoto insha nzima ili apate zawadi. Huko ni kuwadhulumu wenzake walioandika kwa jasho lao, tena kwa jina la haki.

Ipo na namna nyingine, iliyofichika zaidi. Tuseme binti ameandika kwamba kila jioni yeye huteka maji na kuosha vyombo ilhali kaka yake anadurusu. Mzazi asomapo hukunja uso, akamwamuru aandike habari za mahakama na mahakimu. Insha itapendeza, lakini binti amejifunza kwamba haki ni ya kutafutwa kwa wengine tu.

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa zetu. Na katika Hadithi mashuhuri, Bashir (r.a.) alimpa mwanawe Nu'man zawadi, akamwendea Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume alimuuliza iwapo watoto wake wote amewapa mfano wake. Alipojibu kuwa hakufanya hivyo, Mtume alikataa kushuhudia.

Tufanyeje basi? Tumuulize mtoto ni jambo gani ameliona si la haki, kisha tumwache aandike. Tumfunze adabu na sitara: asitaje majina wala kuanika siri za nyumba, lakini maana ya neno lake ibaki. Achoraye, ikiwa familia yake hujiepusha na picha za viumbe wenye roho, anaweza kuchora mizani, au ndoo nzito ya maji kando ya daftari lililofungwa.

Na likitugusa aliloandika, tusingoje waamuzi watoe alama. Jioni hiyo hiyo kaka apewe ndoo, na dada apewe muda wa daftari lake. Hiyo ndiyo zawadi ambayo mtoto ataikumbuka hata kama insha yake haikushinda.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu kwa watoto wetu, wa kike na wa kiume. Amin.