Herufi Zilizopotea Kompyutani: Kazi ya Fundi au ya Mwanaisimu?

Utangulizi

Tangu kompyuta zilipoanza kuchukua nafasi ya taipureta katika idara za lugha, imezoeleka kwamba suala la maumbo ya herufi huachiwa fundi. Mwanaisimu huandika, fundi huhakikisha kwamba kilichoandikwa kinaonekana. Mgawanyo huu wa kazi ulifaa kwa kiasi fulani pale ambapo Kiswahili Sanifu peke yake ndicho kilichokuwa kikichapwa, kwa sababu alfabeti yake haihitaji q wala x, haina alama za juu wala za chini ya herufi, na hutosheka na herufi ambazo kila kompyuta inazo. Kwa mtafiti wa lahaja, wa toni za lugha nyingine za Kibantu, au wa hati za Kiarabu, mgawanyo huo haukufaa hata siku moja, na athari zake zinaonekana sasa.

Hali inayozungumziwa hapa si ngeni. Mtafiti anahamia kwenye mfumo mpya wa uendeshaji, ama kwa hiari ama kwa lazima, kama ilivyowapata wengi baada ya Microsoft kusitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anafungua faili la data alizozikusanya katika miaka ya 1990. Pale palipokuwa na alama za kifonetiki pana visanduku vitupu, au herufi za ajabu, au, lililo baya zaidi, herufi za kawaida zisizotia shaka yoyote. Makala haya yanadai kwamba kurekebisha hali hiyo si kazi ya ufundi pekee. Ni uhakiki wa matini, na kwa hiyo ni wajibu wa mwanaisimu. Tena ni wajibu wenye muda maalumu, kwa kuwa ujuzi unaohitajika umo vichwani mwa watu wanaostaafu.

Namba na Umbo

Haina budi kwanza kutofautisha vitu viwili ambavyo jicho huvichanganya. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Fonti ni jedwali la maumbo: hupewa namba, nayo ikatoa mchoro. Katika msimbo wa ASCII, uliowekwa mwaka 1963, zilikuwamo nafasi 128 tu, na kati ya hizo 95 ndizo za alama zinazochapika. Misimbo iliyofuata ilifikisha nafasi 256, lakini katika ile iliyoenea zaidi nafasi za ziada zilijazwa kwa sehemu kubwa herufi za lugha za Ulaya Magharibi. Alama kama ŋ, ɓ na ʰ hazikupata mahali.

Waundaji wa fonti za kifonetiki walitumia njia iliyokuwa ya busara kwa wakati wake. Walichukua nafasi ya herufi isiyohitajiwa sana katika unukuzi, k.m. N kubwa, yenye namba 78, wakachora ŋ badala yake. Kwenye skrini na kwenye karatasi msomaji aliona ŋ. Ndani ya faili ilibaki 78, yaani N. Data hizo zilikuwa sahihi mradi fonti ile ile ipo. Fonti ikikosekana, kompyuta huchukua nyingine na kuchora N, kwa sababu hicho ndicho kilichohifadhiwa tangu mwanzo.

Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991, uliondoa haja ya hila hiyo kwa kuipa kila herufi namba yake yenyewe: ŋ ni 331, ʰ ni 688. Hata hivyo faili za zamani hazikujigeuza zenyewe. Wala aina za fonti zenyewe hazidumu. Mnamo Januari 2023, kwa mfano, Adobe ilikomesha matumizi ya fonti za Type 1 katika programu zake, ilhali kampuni hiyo ndiyo iliyozibuni katika miaka ya 1980.

Dalili na Maana Zake

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuziona dalili zote kama tatizo moja na kuzitibu kwa dawa moja, yaani kuteua matini yote na kubadili fonti. Dalili ziko za namna kadhaa, na kila moja ina chanzo chake.

Dalili ya kwanza ni kisanduku kitupu. Yumkini namba ni sahihi ila fonti haina umbo lake. Hapo inatosha kuweka fonti huria iliyo kamili, kama vile Charis SIL au Doulos SIL. Lakini kisanduku kinaweza pia kumaanisha kwamba fonti ya zamani ilisajiliwa kama fonti ya alama, hivyo kwamba programu ilizihifadhi herufi zake katika eneo la Unicode lililotengwa kwa matumizi binafsi. Namba za eneo hilo hazina maana iliyokubaliwa na wote, wala fonti mpya haiwezi kuzifasiri. Njia ya kubainisha ni kuiuliza namba yenyewe. Katika Word ya Windows, ukiweka kishale baada ya herufi na kubonyeza Alt pamoja na X, namba huonekana kwa hesabu ya kumi na sita: 014B ni ŋ halisi, namba inayoanzia F0 ni ishara ya eneo la binafsi.

Dalili ya pili ni mfululizo wa herufi za ajabu. Neno ng’ombe huonekana kama ngâ€™ombe. Hapa hakuna kilichoharibika bado: matini yamehifadhiwa kwa UTF-8 na kusomwa kwa msimbo wa zamani wa Windows. Dawa ni kulifunga faili bila kulihifadhi, kisha kulifungua upya kwa kutaja msimbo ulio sahihi. Anayeanza kusahihisha kwa mkono na kuhifadhi ndiye anayeleta uharibifu.

Dalili ya tatu ni alama za toni zilizosogea, zikaelea pembeni mwa irabu zake. Aghalabu data ni salama na fonti ndiyo isiyojua kuzipanga. Lakini lipo jambo lililojificha: á huweza kuhifadhiwa kwa namba moja, 225, au kwa mbili, 97 na 769. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa programu isiyosawazisha maumbo hayo ni vitu viwili. Mtafiti anayehesabu toni za juu katika matini yenye mchanganyiko huo huenda akapata nusu ya hesabu na asijue.

Dalili ya nne, N badala ya ŋ, ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu haionekani kama dalili.

Kilicho Hatarini

Mfano unaofahamika na wanafonolojia wa Kiswahili utadhihirisha jambo hili. Katika lahaja zinazotofautisha vipasuo vyenye mpumuo na visivyo nao, pʰaa ni mnyama na paa ni sehemu ya nyumba. Kʰaa ni yule wa pwani mwenye magando na kaa ni la moto. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo. Kwa hiyo ushahidi wake wote wa maandishi umo katika unukuzi wa watafiti, na unukuzi huo umeegemea alama moja ndogo.

Chukulia kwamba alama hiyo ilichorwa katika nafasi ya H kubwa. Fonti inapotoweka, pʰaa huwa pHaa. Mchapaji hudhani ni kosa la kidole, akaifuta H. Matokeo yake ni orodha safi, isiyo na kisanduku hata kimoja, ambamo maneno mawili yamekuwa moja. Msomaji wa kizazi kijacho atahitimisha kwamba tofauti haikuwapo, ilhali iliwapo na ilinukuliwa kwa uangalifu.

Wala Kiswahili Sanifu hakikusalimika. Alama ya ritifaa katika ng' huweza kuwa namba 39, ile ya taipureta. Au 8217, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe. Au 700, ambayo Unicode umeitenga kwa ritifaa iliyo sehemu ya herufi. Mbili za mwanzo kwa asili ni alama za uakifishaji, na programu nyingi za kuorodhesha maneno huikata ng'ombe ikawa ng na ombe. Anayeunda kongoo bila kusawazisha alama hizo anakosea hesabu ya mojawapo ya fonimu za lugha.

Pingamizi na Jibu Lake

Huenda ikasemwa kwamba yote haya ni mambo ya mashine, na kwamba zipo programu za kugeuza misimbo, kama TECkit ya SIL, ambazo fundi anaweza kuziendesha. Ni kweli. Hata hivyo programu hiyo hufuata jedwali la ulinganifu, na jedwali hilo haliandikwi na mashine. Fundi hawezi kujua iwapo N katika mstari fulani ni ŋ ya unukuzi, au ni N ya jina la mahali, au ni kifupi cha nomino katika uchanganuzi. Anayejua ni yule aliyenukuu, au anayeijua lugha yenyewe.

Taaluma ya Kiswahili imekwisha kukutana na suala hili mapema zaidi. Katika hati nyingi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ba ilisimamia b, p na hata mb. Fa ilisimamia f na v. Ghaini ilibeba gh, g na ng'. Hakuna aliyependekeza kwamba kazi ya kuzihawilisha tenzi hizo ipewe mpiga chapa kwa sababu tu inahusu maumbo ya herufi. Ilieleweka kwamba kila uamuzi ni tafsiri, na kwamba mhakiki sharti aonyeshe alikotoka na sababu za uamuzi wake. Faili la mwaka 1995 ni hati ya namna hiyo hiyo, na linastahili uangalifu ule ule.

Hitimisho

Kutokana na hayo, idara za lugha zingefaa kuchukua hatua tatu. Kwanza, kila tasnifu yenye data za kifonetiki, toni au hati za Kiarabu iandikwe kwa Unicode, na iambatishwe orodha ya alama zote zisizo za kawaida pamoja na namba zake. Pili, faili za zamani zigeuzwe kwa jedwali lililoandikwa na mtafiti mwenyewe, na faili la asili lihifadhiwe kando pamoja na fonti yake na nakala moja iliyochapwa karatasini, ili anayekuja alinganishe. Tatu, kazi hiyo itambuliwe kuwa ya kitaaluma na ihesabiwe hivyo, kwa kuwa bila ya kutambuliwa haitafanywa na mtu.

Mifumo ya uendeshaji itaendelea kubadilika, na hilo halina wa kulizuia. Kuitunza kompyuta kuukuu kwa ajili ya fonti moja ni kuahirisha tu, kwa kuwa siku itakapokufa itaondoka na yaliyomo. Fonti iliyopotea huweza kutafutwa ikapatikana. Mtu pekee aliyejua kwamba H ile ilikuwa mpumuo, akiondoka kabla ya kuulizwa, hana wa kumrithi.